Pangeni Usiku Kwanza

Wanangu,

Tangu mvua za masika zikatike, simu yangu haikai kimya. Mmoja wenu anataka kumleta mchumba aione milima alikozaliwa babu yake. Wengine ni wafanyakazi wa ofisi moja, wamechanga fedha za siku tatu. Mwingine ameoa juzi na anataka fungate ambayo haitamwachia deni. Swali lenu ni lile lile: Mzee, Lushoto tulale wapi pazuri, na fedha zetu zitoshe? Nimeona niwajibu wote kwa pamoja na kwa kirefu, maana nikiwatajia jina moja la hoteli nitakuwa sijawasaidia.

Nimefanya kazi ya mapokezi katika nyumba za wageni hapa mjini kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Nililoliona likijirudia kuliko yote ni kwamba vijana hupanga mchana. Wanajua watapiga picha saa ngapi pale kwenye ukingo wa Irente, watavaa nini, nyama choma wataila wapi. Usiku wanauacha ujipange wenyewe. Sasa fanyeni hesabu. Huku milimani giza likishaingia saa moja, baridi inashuka nalo, maduka yanafungwa, na mgeni hana pa kwenda isipokuwa chumbani. Humo atabaki mpaka saa moja asubuhi, pengine saa mbili kukiwa na ukungu. Nusu ya safari mnayoilipia mtaimalizia ndani ya kuta nne. Kwa hiyo pangeni usiku kwanza. Mengine yote nitakayowaambia yanatoka hapo.

Nianze na baridi, kwa sababu ndiyo inayowaumbua watu wa pwani. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar es Salaam mwezi wa Julai ukiwa na fulana, utafika Mombo bado unatoka jasho, kisha basi likianza kupanda utaona abiria wenyeji wanatoa masweta kwenye mifuko bila kuambiana. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa huku unauma kwelikweli, na huko juu Magamba na Shume unauma zaidi. Bahati mbaya Saba Saba na Nane Nane, sikukuu ambazo ofisi nyingi hufunga na vijana hupata nafasi ya kusafiri, zote ziko katikati ya miezi hiyo. Nimewapokea wengi usiku wa Nane Nane wakiwa na kaptula na ndala, wameshika mabega, wanauliza kama kuna feni chumbani kwa mazoea tu ya nyumbani.

Baridi hiyo hiyo ndiyo iliyouzaa mji huu kama mnavyouona. Wajerumani walipoikimbia homa na joto la Tanga walipanda Usambara, wakajenga boma hapa na kulipa bonde jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Reli waliyoianza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo mzungu aliyechoshwa na pwani aliweza kushuka stesheni na kupandishwa mlimani kupumzika. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, nao wakaendeleza mtindo ule ule walioufanya Shimla kule India, wa wakubwa kupanda milimani wakati wa joto. Ndiyo maana nyumba za zamani za huku mtaziona zina kuta nene, madirisha madogo na meko ya kuotea moto sebuleni. Waliozijenga waliujua usiku wa hapa.

Gesti nyingi zilizojengwa mjini baadaye zimefuata ramani za Dar na Tanga: dirisha pana la vioo vya kupangana visivyofunga sawasawa, sakafu ya saruji au vigae, dari nyembamba. Nyumba kama hiyo Tanga inakupa upepo mwanana. Hapa inakupa usiku wa kukunja magoti. Silaumu waliozijenga, wengi ni jamaa zangu na bei zao ni za huruma. Nawaambieni ili mjue mnapoingia chumbani mtazame nini.

Na mtazame kweli. Msilipe mapokezi kabla hamjakiona chumba. Huku si utovu wa adabu kusema, "Shikamoo mama, naomba nikione chumba kwanza." Mtapewa ufunguo, na pengine kijana wa kuwasindikiza. Ingieni, fungeni mlango, simameni kimya kidogo. Mkisikia upepo unapenya mjue kuna kioo kilichovunjika au kisichofunga. Kisha inueni mto na shuka mguse godoro kwa kiganja. Katika miezi ya ukungu godoro lililokaa siku nyingi bila mgeni hushika unyevu. Unyevu huo hauonekani kwa macho, ila kiganja kinaujua mara moja, na pua pia. Chumba cha namna hiyo kikataeni hata kama ni nusu ya bei. Ombeni kingine chenye dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi. Mara nyingi kipo, na bei ni ile ile.

Hesabuni mablanketi. Moja halitoshi kati ya Juni na Agosti. Mawili kwa kila kitanda ni haki yenu, na mkiomba mapema, kabla wageni wengine hawajafika, mtapewa bila shida. Mkiomba saa nne usiku mtaambiwa yamekwisha, na itakuwa ni kweli.

Sasa maji ya moto. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika bila mtu kuwadanganya. Mnauliza kwa simu, "Mna maji ya moto?" Mnajibiwa, "Yapo." Yanaweza kuwa ya hita ya umeme iliyo bafuni. Yanaweza kuwa ya mtambo wa jua juu ya paa, ambao siku ya ukungu hautoi kitu ila vuguvugu. Yanaweza kuwa ya ndoo yanayochemshwa jikoni kwa kuni na kuletwa mlangoni. Zote tatu ni maji ya moto na aliyewajibu amesema ukweli. Ulizeni basi: yanatoka wapi, yanapatikana saa ngapi, na umeme ukikatika inakuwaje? Kwa uzoefu wangu ndoo ya jikoni ndiyo yenye uhakika kuliko zote, kwa kuwa haijali umeme wala mawingu. Msiidharau. Mwambieni mhudumu usiku uleule saa mtakayoihitaji asubuhi, naye mwekeeni chochote mkononi siku ya kuondoka, kwa sababu ameamka saa kumi na moja kuwasha moto kwa ajili yenu.

Baada ya chumba, mahali. Vijana hufungua simu, wanaona picha ya ukingo wa Irente na bonde lote chini, wanasema tulale hapohapo. Si wazo baya. Kutoka mjini hadi Irente ni mwendo wa kilomita tano au sita, na ukingoni pale mlima unakatika ghafla, unashuka kama mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde. Huko chini ndiko Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alikojiwekea makao kando ya njia ya misafara, akawa na nguvu ya bunduki na biashara kuliko ndugu zake waliobaki Vuga milimani. Mkisimama pale mkayajua hayo, mnachokiona ni zaidi ya mandhari. Njiani mtapita shamba la Irente lililo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, ambako hutengenezwa jibini, mikate na jemu, na ambako pia kuna malazi tulivu. Lakini anayelala nje ya mji ajue kwamba kila anapokitaka kitu, chakula, dawa, benki, basi, atalipa bodaboda kwenda na kurudi, na usiku bei ya bodaboda hupanda. Chumba cha mbali kilicho nafuu kwa shilingi elfu kumi kinaweza kuzila elfu kumi hizo kabla ya chakula cha jioni.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye mfuko mdogo, mimi nasema mjini. Mji wenyewe ni mdogo, unatembeleka kwa miguu kuanzia sokoni hadi makanisa ya zamani na majengo ya enzi ya boma. Kituo cha basi kiko karibu, migahawa iko karibu, na mtu akijisikia vibaya usiku hospitali haiko mbali. Ila msichukue chumba kinachotazamana na stendi. Makondakta wanaanza kuita abiria wa Tanga na Dar kabla ya alfajiri, na honi zao haziulizi nani amelipa. Sogeeni mtaa mmoja au miwili nyuma, upande wa mlima. Ulizeni pia kama kuna baa chini au jirani, maana muziki wa Jumamosi unapanda ghorofa bila kupiga hodi.

Malazi ya taasisi za dini msiyapite. Kuna hosteli za Walutheri mjini na nyumba za masista njiani na huko Rangwi, na pengine popote katika Usambara hamtapata shuka safi zaidi kwa bei ile. Masharti yake yanajulikana: pombe hakuna, geti linafungwa mapema, kelele hazitakiwi. Wengine wenu masharti hayo mtayaona kifungo. Mimi nikiwa na mgeni anayetaka kulala usingizi wa kweli, huko ndiko ninakompeleka. Waliooana wasione haya wakiulizwa uhusiano wao, ni utaratibu wa nyumba.

Wenye fedha zaidi kidogo, au wanaofanya fungate, wanaweza kutazama nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli. Lawns iko pale mnapoingia mjini. Mullers, nyumba ya matofali ya miaka ya 1930, iko juu karibu na msitu wa Magamba. Nyumba za namna hii mnalipia kuta zenye historia, bustani na moto wa sebuleni. Wakati usio wa msimu hushusha bei kwa anayeomba kwa adabu, hasa akikaa usiku mbili na zaidi. Yule wa fungate, sikia: heri usiku mmoja mahali kama hapo na mbili katika gesti safi mjini kuliko tatu katika chumba cha kati ambacho hakitawaachia kumbukumbu yoyote.

Wapo wachache kati yenu wanaokuja kwa ajili ya historia yenyewe, na hao nawapenda zaidi kwa sababu hawaulizi habari za intaneti. Kwao Lushoto mjini si lazima. Makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi yalikuwa Vuga, huko ndiko mmisionari Krapf alikokwenda kumwona Kimweri mwaka 1848, na kuyafikia ni rahisi zaidi ukilala Soni, chini kidogo ya Lushoto, penye maporomoko ya maji na vyumba vya bei ya chini. Anayetaka kuona mahali wamisionari wa Bethel walipoanzia mwaka 1891 aende Mlalo. Anayetaka kuona mwisho wa milima aende Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba, pande zote mbili bonde. Lakini Mtae si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Magari huondoka Lushoto mchana kupanda huko na hurudi alfajiri, kwa hiyo anayekwenda amekubali kulala. Vyumba vya huko ni vichache na vya kawaida sana. Pigeni simu siku moja kabla, bebeni tochi, na mfike kabla ya giza.

Nawaombeni sana muwe makini na tarehe, kwa sababu bei ya chumba na upatikanaji wake vinakwenda na kalenda ambayo mtu wa nje haijui. Mji huu una Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Siku za mahafali wazazi na ndugu wa wahitimu hujaza kila kitanda kuanzia hoteli kubwa hadi gesti ya mwisho, na mgeni asiye na habari hujikuta akishuka tena Soni au Mombo usiku. Semina za serikali nazo hupenda hali ya hewa ya huku. Mwezi wa Desemba Wasambaa wa Dar hurudi nyumbani, na sikukuu za Idd hali ni hiyo hiyo. Wakati wa Ramadhani kumbukeni kwamba wenyeji wengi ni Waislamu. Mchana migahawa mingi hufungwa, basi chagueni malazi yenye jiko lake, na kula kwenu kuwe ndani. Futari ya mjini msiikose.

Machi hadi Mei ni masika, na hapo sina maneno mengi: vyumba viko wazi, bei ziko chini, na barabara inatisha. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za lami nyembamba kwenye korongo, ukuta wa mwamba upande mmoja na mto upande wa pili, na mvua ikizidi mawe na udongo huporomoka. Watu wazima waliozaliwa hapa wanaahirisha safari. Nanyi ahirisheni. Mkiniuliza miezi yangu, nitawaambia Januari na Februari, baada ya wageni wa mwaka mpya kuondoka. Mchana una jua, usiku blanketi moja linatosha, mapeasi na plamu ziko sokoni, na mwenye gesti anawahitaji kuliko mnavyomhitaji. Septemba ni ya pili yake.

Tuje kwenye fedha. Bei ya chumba peke yake haisemi kitu mpaka ujue ndani yake kuna nini. Chukueni mfano. Chumba cha kwanza ni shilingi 30,000 bila chai ya asubuhi. Cha pili ni 40,000 pamoja na chai ya watu wawili: mayai, mkate, matunda, chai ya maziwa. Wawili nyinyi mkila asubuhi mgahawani kwa 5,000 kila mmoja, vyumba vimelingana. Ongezeni bodaboda ya kuufuata huo mgahawa kwenye ukungu, cha pili kimekuwa nafuu. Ulizeni vilevile kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa, maana hoteli kadhaa hutoza kwa mtu, na kama kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, imo ndani au itaongezwa kwenye risiti. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kutoza bei za huduma za ndani kwa dola. Mkitajiwa dola, ulizeni kwa upole bei ya shilingi, na semeni kwamba nyinyi ni Watanzania, kwa kuwa hoteli nyingi zina bei ya wakazi ambayo haitajwi mpaka iulizwe.

Malipo ya awali tumeni, lakini kwa akili. Kabla hamjathibitisha muamala, jina linalotokea kwenye simu lisomeni. Liwe jina la hoteli, au la mtu ambaye hoteli imewatajia kwa kinywa chake mlipopiga namba yake rasmi. Kuna vijana stendi ya Mbezi na hata huku Mombo wanaojifanya mawakala wa hoteli ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Nimempokea bwana mmoja na mkewe, wana mtoto mgongoni, saa tatu usiku, wameshika ujumbe wa malipo ya usiku tatu kwa mtu ambaye nyumba yetu haikumjua kabisa. Tuliwapa chumba, lakini walilipa mara mbili, na mama yule hakunywa hata chai. Tumeni fedha ya usiku mmoja tu, iliyobaki mlipe mkifika na kuona chumba. Anayedai yote kabla, mwacheni.

Kuomba kupunguziwa si dhambi, ila kuna namna. Msianze kwa kukitukana chumba. Semeni mtakaa siku ngapi, semeni hamhitaji chai ya asubuhi ya Jumapili kwa sababu mtaondoka mapema, semeni mko vyumba vitatu. Mwenye nyumba akiona anaokoa kitu atawaokolea nanyi kitu. Na msimbane hadi asiweze kulipa anayefua shuka. Bei ikishuka mno, kitu fulani kinakatwa mahali msipokiona, na mara nyingi ni kuni za maji yenu.

Kuna mahali ambapo sitaki mbane kabisa. Matembezi ya Magamba, msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yana kiingilio, na Mtanzania hulipa pungufu sana kuliko mgeni wa nje. Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, mpewe risiti. Kiongozi wa matembezi mchukueni kwenye ofisi inayojulikana, kama chama cha Friends of Usambara, kuliko kumfuata yeyote aliyewakamata begi stendi. Msitu ule una njia nyingi na ukungu wake hauchagui mwenyeji.

Safari yenyewe ipangeni ili mfike na mwanga. Basi la asubuhi kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi hupita Chalinze, Segera na Korogwe, na mtakuwa Mombo alasiri kama njia ni njema. Yapo yanayopanda moja kwa moja hadi Lushoto, na hayo ndiyo ya kuchukua, hata kama nauli imezidi kidogo, kwa sababu anayeshuka Mombo jioni hubembelezwa na madereva wa magari madogo yaliyokwisha kujaa, na barabara ile si ya kupandwa gizani na gari lililozidisha abiria. Kaeni upande wa kushoto au wa kulia mpendavyo, mandhari yapo pande zote. Mwenye kutapika akae mbele, na asile sana Korogwe.

Mkifika, kitabu cha wageni kiko mapokezi. Mtaandika jina, mnakotoka, mnakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho, na katika nyumba nyingine hata kabila. Andikeni ukweli na kwa herufi zinazosomeka. Usiku mmoja wa mvua ya vuli kijana aliugua ghafla chumbani, hana fahamu, na kitabu ndicho kilichotuambia tumpigie nani. Tangu siku ile sikumruhusu mgeni aandike kama anayefukuzwa.

Wasalimieni watu. Asubuhi mkisema "Onga maundo" kwa mama anayepanga karoti barazani, atacheka, atawajibu, na pengine bei ya karoti itashuka yenyewe. Mji huu una wazee wengi, shikamoo haijachakaa. Mabinti wakipita sokoni wajitupie khanga mabegani, itawasaidia kwa heshima na kwa baridi pia. Picha za watu ombeni kwanza.

Siku ya kuondoka ndiyo inayowaharibia wengi hesabu. Mabasi ya Dar huondoka asubuhi mapema, kabla jiko la gesti halijawaka sawasawa, na mgeni aliyelipia chai huondoka bila kuinywa. Usiku wa kuamkia safari mwendeeni mpishi mwenyewe, si mapokezi, mwambieni mnaondoka saa ngapi. Atawafungia mayai ya kuchemsha na mkate, na chupa ya chai mkiiomba mtaipata. Tiketi nunueni jana yake mchana. Mboga na matunda ya kupeleka nyumbani yanunueni sokoni jioni hiyo hiyo, mkiwa na nafasi ya kuchagua, kwa sababu njiani Soni na Mombo mtauziwa haraka dirishani na hamtaona kilicho chini ya ndoo. Ombeni kikapu chenu kikalazwe kwenye ukumbi wa nje wa gesti penye baridi, mapeasi yatafika Dar bado magumu. Na bili ifungeni usiku huo huo, mpewe risiti, mrudishiwe chenji yote, ili alfajiri kazi yenu iwe moja tu, kurudisha ufunguo.

Mkishachagua tarehe nipigieni. Nitawaambia kama kuna mahafali.